Geti la Picha Sebuleni kwa Lakica

Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Lakica aliambiwa aiondoe redio yake mezani. Na aliyemwambia hakuwa mtu baki. Alikuwa Nelima, mke wa mwanawe, tena mbele ya fundi mgeni.

"Samahani, Mama. Meza hii ndiyo iko karibu na dirisha," Nelima alisema. "Waya za kamera zitapita hapa."

"Sasa redio ya marehemu iende wapi? Jikoni, ikapike?"

"Ni kwa leo tu, Mama."

Fundi mwenyewe, Mkenya mrefu aitwaye Owino, alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia sanduku la chuma, anaogopa kuliweka chini na anaogopa kuendelea kulibeba. Lakica alimwangalia, akaliangalia sanduku, akaibeba redio yake mwenyewe hadi chumbani. Aliikalisha kitandani na kuifunika tena kitambaa chake vizuri. Alikuwa mjane wa polisi na mama wa polisi, na katika nyumba zile za polisi za Naguru alikuwa amekaa muda mrefu kuliko mabati ya paa lake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichojali ngeli hata kidogo, ila kikitoa amri watu walinyanyuka.

Aliporudi, sanduku lilikuwa mezani. Lilikuwa pana na bapa, lina vitundu pande zote na juu, mbele lina vitaa na kioo kidogo cha namba. Owino alichomeka umeme, na likaanza kuvuma hata kikombe kikatetemeka kwenye kisahani chake.

"Hii nini inalia hivi?"

"Ni feni zake, Mama. Hii tunaita geti," Owino alieleza. "Uwanjani kuna kamera tatu. Picha zinaingia huku nyuma kwa waya. Geti inazigeuza, inazitoa huku kwa mtandao mpaka studio, Bukoto. Kutoka Bukoto ndiyo zinaenda kwa televisheni za watu."

"Hata hii yangu?"

"Hata hiyo yako."

Lakica alitazama dirisha, halafu televisheni yake pembeni. Kati ya viwili hivyo hapakuwa na hatua tatu.

"Yaani picha itaingia kwa dirisha yangu, iende Bukoto, halafu irudi kwa nyumba yangu? Si ingepita tu hapa?"

Owino alicheka mpaka akaketi. Hata Nelima alicheka, ingawa tangu alfajiri uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hofu. Lakica alifurahi kumwona anacheka. Asingemwambia, lakini alifurahi.

Hofu ile ilikuwa na sababu. Kwa miezi mitatu Nelima alikuwa opereta wa majaribio kwenye kituo kile kidogo cha televisheni. Leo palikuwa na fainali ya netiboli ya wanawake wa kambi, Naguru na Nsambya, na mhandisi mkuu, Mzee Marjan, alikuwa amesema wazi: utaliendesha geti peke yako ukiwa Bukoto. Picha ikifika mwisho, Jumatatu unapewa mkataba. Ikikufia njiani, tutakushukuru kwa miezi mitatu. Nelima akishukuriwa, angerudi alikotoka, na alikotoka hapakuwa mbali. Palikuwa nyumba ya nne kutoka pale, kwa Hajati Rashidah, mke wa Afande mkuu wa kambi, ambako mwaka mzima alifua nguo. Lakica hakuwahi kulisema hilo kwa sauti, lakini kila alipoona mashuka ya Hajati yakipepea kwenye kamba, moyo ulimuuma. Mke wa mwanawe alikuwa na diploma. Aliiona kwa macho yake, ina muhuri.

Kabla ya kuondoka, Nelima alimshika mkono.

"Mama, mimi nitakuwa naiona hii mashine kwa kompyuta kule. Nina ukurasa wake, unanionyesha kila kitu. Wewe nisaidie mambo matatu tu. Maji yasikaribie. Atim asiiguse. Na mtu asichomeke pasi wala birika kwenye soketi hii."

"Maji, mtoto, pasi," Lakica alirudia. "Enda kazi, Mama Atim. Hapa niko mimi."

Nelima alienda. Owino naye alikimbilia uwanjani, kwa sababu mpigapicha mmoja alikuwa mgonjwa na kamera ya tatu sasa ilikuwa yake yeye.

*

Kufikia saa nane sebule ilikuwa imejaa. Uwanja ulikuwa pale nyuma tu, na mtu mwenye akili zake angeenda kutazama huko, lakini majirani walikuwa wamesikia kwamba picha inapita nyumbani kwa Lakica, na walitaka kuwa mahali picha inapopita. Walikuja na vigoda vyao. Halafu mtoto wa jirani aliingia mbio kusema Hajati Rashidah naye yuko njiani, kwa sababu binti yake anachezea Naguru na magoti yake mwenyewe hayawezi kusimama uwanjani.

Hapo ndipo Lakica alipoitazama sebule yake kwa jicho la mgeni.

Viti vilikuwa na vitambaa. Televisheni ilikuwa na kitambaa. Friji, chupa ya chai, hata kalenda ya ukutani ilikuwa na kitambaa chake cha pembeni. Vyote alivifuma mwenyewe, kwa uzi mweupe na mwekundu. Na katikati ya vyote hivyo, juu ya meza kubwa, likakaa lile sanduku la chuma, limechubuka pembe, linavuma, halina hata nguo. Chombo cha bei ya gari, kilichobeba ajira ya mke wa mwanawe, na Hajati angekikuta uchi! Angesema nini? Angesema nyumba ya yule mfuaji wangu hata kupokea kitu haijui.

Lakica alifungua sanduku lake la nguo. Alitoa kitenge kipya, akakikunja mara mbili, akakitandika juu ya geti hadi kikashuka pande zote, vumbi lisipate pa kupita. Juu yake alitandaza kitambaa chake bora kuliko vyote, kile alichokifuma miezi minne kwa ajili ya harusi ya mwanawe Okwera na ambacho hakikuwa kimetoka tena tangu siku ile. Alikivuta kikakaa sawa mpaka nyuma, kwenye waya. Juu kabisa aliweka chombo cha maua ya plastiki.

Kelele zilipungua palepale. Lakica aliona mashine imeridhika.

"Aya!" alisema jirani mmoja, mwanamke aitwaye Nabwire. "Sasa imekuwa kitu ya watu."

Hajati aliingia, akasalimia, akaketi kwenye kiti kizuri. Macho yake yalizunguka sebule na kutua juu ya meza.

"Hii kazi ya mkono ni yako, Mama Okwera?"

"Ni yangu, Hajati."

"Mashallah."

Lakica alijibu kwa unyenyekevu mkubwa, huku rohoni anacheza larakaraka, ngoma ya harusi ya kwao.

Mechi ilianza, na ikawa raha tupu. Uwanja wao wenyewe, nyasi zao, ukuta wao wenye rangi iliyobambuka, vyote ndani ya televisheni! Okwera alionekana kidogo, amesimama kwenye kamba na sare yake anazuia watoto, na sebule nzima ikampigia makofi. Jambo la kuchekesha ni kwamba kelele za uwanjani ziliingia kwanza kwa dirisha, na bao lenyewe lilifika kwenye kioo baada ya sekunde saba hivi, kwa kuwa lilikuwa limekwenda Bukoto na kurudi. Wanawake wakalifanya mchezo. Dirisha likipiga kelele, walikisia nani amefunga, kisha wakangoja. Binti wa Hajati alifunga mara nne, na kila mara Hajati alimjua kabla hajaonekana.

"Dada yangu yuko Arua anaangalia," alisema, na akasahau kabisa kuwa yeye ni mke wa Afande, akapiga mapaja yake. "Anaangalia sasa hivi!"

Robo ya tatu ilipokuwa inakwisha, picha iliganda. Binti wa Hajati alibaki hewani, mpira umo vidoleni mwake. Halafu kioo kikawa cheusi, na maandishi yakatokea yanaomba radhi.

Kwa dirisha, uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Ndani hakuna aliyejua ya nani.

*

Simu ya Lakica iliita papo hapo.

"Mama!" Sauti ya Nelima ilikuwa nyembamba. "Umeme upo?"

"Upo. TV inawaka."

"Kuna mtu ameigusa mashine? Mtoto? Kuna maji?"

Lakica aliitazama meza. Akawatazama wageni. Hajati alikuwa akimtazama yeye.

"Hakuna mtu amegusa," alisema. "Hakuna maji. Hakuna pasi."

Kwa hesabu yake hakudanganya sana. Alikuwa amegusa kitenge, kitambaa na maua. Mashine yenyewe hakuigusa. Lakini moyo hauna hesabu ya namna hiyo, na wake ulianza kumdunda.

"Basi sielewi," Nelima alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Nimeona joto linapanda. Sitini, sabini, themanini na tano. Nikadhani kipimo ndicho kibovu, maana sebule yetu ina baridi. Sasa imepotea kabisa kwenye mtandao, hainijibu."

Nyuma yake sauti ya mwanamume ilisikika, nzito na ya polepole. Lakica alijua lazima ndiye Marjan.

"Nelima, nchi nzima inaangalia giza. Nini hiki?"

"Ni mimi, Mzee. Asubuhi nilipandisha kiwango cha picha ili kiwe kizuri zaidi. Nadhani nimeilemea mashine. Kosa ni langu."

"Una uhakika?"

"Huko hakuna aliyeigusa. Mama yupo, ameniambia. Basi ni mimi."

"Haya. Ondoka kwenye kiti, nimwite mwingine."

Lakica alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, kule Bukoto. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mtoto wa watu alikuwa ananyanyuka kwenye kiti chake kwa sababu ya neno la mama mkwe. Ananyanyuka bila hata kuuliza mara ya pili, kwa kuwa Mama amesema.

"Asiondoke!" Lakica alipiga kelele hata Nabwire akaangusha kikombe. "Wewe mwanaume huko! Unasikia mimi?"

"Nakusikia, Mama."

"Mtoto hajakosa. Ni mimi. Mimi Lakica, mama mkwe yake. Mimi nimefunika mashine yenu. Chini kitenge, mara mbili. Juu kitambaa. Nimeogopa wageni itaona iko uchi. Mimi ndiyo nimepika hiyo mashine."

Alisema yote hayo mbele ya Hajati Rashidah na vigoda kumi na viwili vya majirani. Hapakuwa na aliyecheka.

"Na juu ya kitambaa?" Marjan aliuliza.

"Maua."

"Maua?"

"Ya plastiki."

Marjan alishusha pumzi ndefu iliyokuwa na kicheko mahali fulani ndani yake. "Nelima, rudi kwenye kiti. Upesi."

*

"Mama," Nelima alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepata miguu. "Toa vitu vyote juu yake."

Maua yalitoka. Kitenge kilitoka, kina moto kama kimepigwa pasi. Kitambaa kilikataa. Uzi wake ulikuwa umejisokota nyuma, kwenye vichwa vya waya za kamera, na Lakica alipovuta, waya mmoja ulivutika nao.

"Imeshika kwa waya. Waya ya mwisho imelegea."

"Usivute, Mama! Utang'oa. Kuna njia ya kuufungua?"

"Kuna mkasi," alisema Lakica.

Nabwire alijishika kifua. Kila mtu pale alikijua kitambaa kile. Lakica alikata mara tatu, na miezi minne ya jioni zake ikaanguka sakafuni.

"Imetoka. Sema ingine."

"Chomoa umeme. Fungua dirisha lote. Kisha mtu aipepee kwa nguvu dakika tatu, kwenye vile vitundu."

Lakica hakuangalia huku wala huku. Aliliokota sinia la chai na kulinyoosha kwa aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Hajati Rashidah. Hajati alisimama kwa magoti yake mabovu, akalipokea sinia kwa mikono miwili na kuanza kupepea.

"Pepea, Hajati, usilegee!"

"Napepea! Mwanangu yuko huko anafunga, nisipepee?"

Bangili zake ziligongana, jasho likamtoka, na dirisha likaendelea kuleta shangwe ambazo hakuna aliyezielewa. Nabwire alitumwa uwanjani akaulize matokeo. Alirudi anahema: ishirini na saba kwa ishirini na saba.

"Chomeka umeme sasa, Mama. Niambie taa."

"Nyekundu."

"Ngoja."

"Nyekundu. Nyekundu... Sasa rangi ya chungwa, inapepesa macho."

"Ndiyo inaamka. Ngoja tu."

Wakangoja. Feni zilivuma kwa kelele zilezile za asubuhi, na safari hii Lakica aliziona tamu.

"Kijani!"

"Mimi bado siioni," Nelima alisema. "Imeamka na anwani nyingine. Mama, kwenye kioo kidogo kuna namba. Nisomee moja moja, na kila ukiona nukta niambie."

Lakica alivaa miwani. Aliwahi kusikia namba zikisomwa kwenye simu za upepo za polisi miaka mingi, na alijua kusoma namba si kuimba. "Moja, tisa, mbili, nukta. Moja, sita, nane, nukta. Moja, nukta. Tano, moja."

"Tano, moja. Nimeipata!" Vidole viligonga kompyuta upesi upesi. "Kamera ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu ndiyo ule waya uliolegea. Sukuma ndani, Mama, halafu zungusha kulia mpaka ukatae kwenda."

Lakica alisukuma, akazungusha. Kitu kikalia *tik* chini ya kidole chake.

"Imekataa kwenda."

"Basi, Mama," Nelima alisema. "Basi. Angalia televisheni."

Kioo kiliwaka. Nyasi, ukuta, Okwera kwenye kamba. Sebule ilipiga vigelegele mpaka watu waliokuwa uwanjani wakageuka kutazama nyumba. Zilibaki dakika nne za mchezo. Sekunde za mwisho dirisha lilinguruma kama mvua ya mawe, na wote sebuleni wakajua, lakini hakuna aliyethubutu kushangilia. Walishikana mikono na kungoja. Moja, mbili, tatu, mpaka saba. Binti wa Hajati aliruka, na mpira ukapita kwenye pete. Naguru thelathini na moja, Nsambya thelathini. Hajati alimkumbatia Lakica, sinia bado liko mkononi mwake.

*

Saa kumi na moja gari la kituo liliwaleta Nelima na Mzee Marjan. Marjan alikuwa Mnubi mfupi, mwenye kofia iliyofumwa na kalamu tatu mfukoni. Majirani walikuwa wamejidai kuondoka, lakini vivuli vyao vilijaa chini ya dirisha. Lakica alimwandalia ugali wa mtama na mboga ya boo iliyopikwa kwa odii, ufuta na karanga za kusagwa. Marjan alikula mpaka akamaliza bila kusema jambo la kazi, na hilo lilimtisha Lakica kuliko kama angegomba.

Aliponawa mikono, alitoa karatasi.

"Fomu ya hitilafu," alisema. "Lazima ijazwe. Picha ilipotea dakika kumi na moja. Hapa kuna mstari: aliyesababisha."

"Mimi," alisema Nelima.

"Mimi," alisema Lakica. "Andika: Lakica. Usiandike ingine."

"Mzee, nilimwambia kuhusu maji, mtoto na pasi," Nelima alisema. "Sikumwambia kwamba mashine inapumua. Nililiona joto linapanda, nikakidharau kipimo. Nilipaswa kupiga simu kwenye sabini. Hilo ni langu."

"Na maua ni ya nani? Ya kwako?" Lakica alimgeukia. "Andika mimi!"

Marjan aliwatazama wote wawili. "Mwaka huu nimejaza fomu hizi tisa. Zote tisa zimeandikwa kwamba kosa ni la mtandao. Maskini mtandao, umebeba dhambi za kila mtu pale studio. Leo ndiyo mara ya kwanza naona watu wanagombania mstari huu."

Akaandika: Lakica. Kwenye mstari wa pili, wa aliyerekebisha, alifikiri kidogo, akaandika tena: Lakica. Mwenyewe alilisoma jina lake mara mbili, na hakujua acheke au afiche uso.

Chini kabisa palikuwa na mstari uliochapwa tayari kwa mashine: *Nelima Wamalwa, opereta wa majaribio.* Kalamu ya Marjan ilisimama hapo. Vivuli vya dirishani vilisogea. Marjan alipiga mstari mmoja mnyoofu juu ya maneno mawili ya mwisho, akaacha yaliyobaki, akafunika kalamu.

"Jumatatu, saa mbili," alisema. "Usichelewe."

Nelima alifunika uso kwa viganja na kulia palepale, mbele ya bosi wake, kilio cha furaha kisicho na adabu yoyote. Nje vigelegele vilianza. Lakica aliyataka machozi yake pia, lakini kazi ilikuwa haijaisha. Mumewe alikuwa karani wa polisi. Aliivuta ile karatasi na kuweka kidole pale palipokatwa.

"Ladit, mzee wangu," alisema, "hapa umekata, weka sahihi. Mstari bila sahihi, kesho mtu atasema ni mtoto amechora."

Marjan alimtazama. Akaifunua kalamu yake tena, akatia sahihi.

"Na tarehe," alisema Lakica.